Wageni wa Januari Mtoni

Katika nchi yetu hii hakuna majira ya baridi. Eringeti iko karibu sana na mstari wa ikweta, kaskazini yake kidogo tu, na mtu akitusimulia habari za mito iliyoganda hata gari laweza kupita juu ya maji yake, twamsikiliza kwa adabu, basi. Sisi twajua mvua na kiangazi. Kiangazi kifupi huanza mwishoni mwa Desemba, hushika Januari na Februari, na vijito hupungua hata mawe yake yakaonekana. Wakati huohuo sehemu kubwa ya Ulaya imefunikwa na theluji, wadudu wamekufa au wamejificha, na ndege walao wadudu hawana budi kuchagua: kufa njaa au kuhama. Wao huhama. Hivyo baridi ya Ulaya, ambayo wengi wetu hatujaiona kamwe, hutuletea wageni kila mwaka, na wageni hao huingia bila kupiga hodi.

Zamani hata watu wa Ulaya wenyewe hawakujua mbayuwayu wao wanakwenda wapi. Walimwona akijenga kiota chini ya mapaa ya maghala yao, akilea makinda yake, kisha siku moja hayupo. Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uppsala katika nchi ya Uswidi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1555 kwamba wavuvi huwavua mbayuwayu kwa nyavu kutoka chini ya maji, wamelala makundi makundi. Wasomaji wapenzi, tusimcheke. Hakuwa na mtu wa kumwuliza huku kwetu.

Jibu lilitoka Afrika, tena kwa njia ya ajabu. Mwaka 1822, karibu na mji mdogo wa Klütz huko Ujerumani ya kaskazini, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umemchoma shingoni na kutokeza upande wa pili. Wataalamu walipouchunguza mti wa mkuki ule, waliona umetengenezwa Afrika ya Kati. Korongo yule alikuwa ameruka nao safari nzima ya kurudi kwao! Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock pamoja na mkuki wake. Mwindaji aliyeutupa mkuki ule alikosa kitoweo siku ile. Hakujua kwamba amewaandikia wataalamu wa Ulaya barua. Baadaye, mwaka 1899, mwalimu mmoja wa shule huko Viborg katika nchi ya Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen, alianza kuwafunga ndege miguuni pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani. Kwa pete za namna hiyo imejulikana kwamba mbayuwayu, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, avuka bahari ya Mediteranea, avuka jangwa la Sahara, afika Kongo, na wengine huendelea mpaka Afrika Kusini. Kisha hurudi, na mara nyingi hurudi ghala lilelile alilozaliwa au jirani yake.

Twapenda kwamba aliyeanza kazi hiyo alikuwa mwalimu. Sisi nasi, tunaoandika habari hii, ni walimu.

Bwana wetu Yesu Kristu alipotaka kuwaondolea wanafunzi wake wasiwasi wa chakula na mavazi aliwaambia wawatazame ndege. Mahubiri mengi tuliyoyasikia juu ya maneno hayo hueleza vizuri sana habari ya wasiwasi, na kupita upesi habari ya kutazama. Lakini agizo lenyewe laanza na kutazama. Basi, tukaonelea kwamba si vibaya wanafunzi wetu wakalitii agizo hilo hata mara moja kwa mwaka, kwa macho yao, tena mwezi wa Januari, kwa maana huo ndio mwezi ambao watu wa nchi nyingi huwahesabu ndege wa majini. Hesabu hiyo ilianza mwaka 1967, na Afrika ikajiunga nayo mwaka 1991. Hakuna mtu aliyetuagiza kuhesabu ndege wa Eringeti. Tulijiagiza wenyewe.

Mahali pengine jambo hilo lingekuwa matembezi tu. Hapa kwetu halikuwa hivyo, na yatupasa kueleza sababu kwa ajili ya wasomaji walio mbali. Eringeti iko kwenye barabara kuu itokayo Beni na Oicha kwenda Komanda, ukingoni mwa Kivu ya Kaskazini, mahali inapopakana na Ituri. Mashariki yetu liko bonde la mto Semuliki, na ndani yake sehemu ya kaskazini ya Mbuga ya Virunga. Magharibi na kaskazini ni msitu mkubwa wa Ituri. Maji ya Semuliki huingia Ziwa Albert na kufuata Nile mpaka Misri. Maji ya Ituri hufuata mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Nchi nzuri, udongo wa rutuba, kakao inasitawi. Lakini tangu Oktoba 2014 watu wa wilaya ya Beni wameuawa mashambani na vijijini mwao kwa mapanga na bunduki, na sehemu kubwa ya mauaji hayo yamehesabiwa kuwa kazi ya waasi wa ADF. Tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, na wauaji wakaingia hata hospitalini. Tangu hapo mtu wa hapa akisema "naenda mtoni," wa nyumbani humwuliza mto upi, na nani, na saa ngapi atarudi.

Kwa hiyo tulichagua mto ulio karibu, tena si mashuhuri: kijito kimoja kipitacho chini ya barabara, chenye daraja, na penye daraja pana askari. Tuliomba ruhusa kwa paroko, kwa mkuu wa kijiji na kwa mkuu wa askari wale. Wote walikubali. Huyu wa mwisho alitoa sharti moja: darubini ibaki nyumbani. Tulikuwa nayo moja, tuliyopewa na padre mmoja mzee aliyestaafu. Akatueleza kwa upole kwamba mtu aliyesimama mtoni na darubini, akitazama ng'ambo na kuandika katika daftari, yeye askari hawezi kumwita mtazama ndege. Naye hana nafasi ya kumwuliza kwanza. Tukaona amesema kweli. Darubini ikabaki kabatini, na daftari likaandikwa jina la shule kwa herufi kubwa juu ya jalada.

Tuliondoka Jumamosi moja baada ya Misa ya asubuhi, walimu wawili, wanafunzi saba, katekista, na mzee mmoja wa kabila la Wambuba ambaye ujanani mwake alikuwa mwindaji na mpakuaji wa asali. Huyu ndiye aliyekuwa darubini yetu. Macho yake yamepunguka, lakini masikio ni mazima.

Tulipofika darajani ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Mgeni wa kwanza tulimkuta chini kabisa, juu ya jiwe: kitwitwi, ndege mdogo mwenye mgongo wa rangi ya udongo na tumbo jeupe, ambaye hatulii hata kidogo, bali huinua na kushusha mkia wake kana kwamba amekaa juu ya chemchemi. Yeye huzaa kando ya mito ya Ulaya na ya Asia, na akija kwetu hutafuta mto vilevile. Msichana mmoja akauliza kama anajua kwamba huu si mto wake. Mzee akamjibu: "Mjukuu wangu, mto ni wa anayeamka kwanza."

Palipo na majani mafupi kando ya maji walitembea ndege wenye tumbo la manjano, wembamba, mikia mirefu wakiitikisa kila hatua mbili. Watoto walifikiri ni ndugu wa yule mweusi na mweupe aliye kila uani kwetu, anayeokota makombo karibu na jiko bila kuogopa. Na kweli ni ndugu. Lakini mmoja hazaliwi mbali na nyumba zetu, na mwingine amekuja kutoka ng'ambo ya jangwa. Tuliwaonyesha wote wawili jiwe kwa jiwe, na tukawaacha wanafunzi watafute tofauti wenyewe. Walipata tano. Sisi tulikuwa tunajua tatu.

Jua lilipotoka mbayuwayu wakashuka. Twakiri kwamba kuhesabu mbayuwayu ni kazi ya kuwatia watu wazimu, kwa sababu hapana aliyetulia. Baadhi walikuwa wa kwetu, wakaao hapa mwaka mzima. Hao wekundu wa koo huteremka mpaka kifuani, na tumbo lao lina rangi ya majivu. Wageni wana ukanda mweusi wa buluu chini ya koo jekundu, na tumbo jeupe. Walikunywa maji wakiruka, midomo ikigusa kijito na kuacha mstari mdogo. Mvulana mmoja, ambaye tangu asubuhi mkono wake ulikuwa mfukoni, aliutoa, na mkononi mna manati. Katekista akataka kumnyang'anya. Mzee akamzuia, akamwambia mvulana: "Mpige. Kisha mpeleke kwa mama yako, umwulize atampikia nani." Watoto wakacheka, na mvulana naye akacheka, manati yakarudi mfukoni. Hatuwezi kuwalaumu kwa ukali watoto wa siku hizi wanaowinda ndege. Jamaa nyingi zimekimbia mashamba yao, na aliyekimbia hula anachopata. Lakini gramu 20, ukitoa manyoya na mifupa, hazimshibishi hata paka.

Juu kidogo ya daraja, katika mti uliolalia maji, kilikuwapo kiota cha fundichuma, kikubwa kama tenga la kakao, kimefunikwa paa la vijiti, na mlango wake uko chini ubavuni. Ndege mwenyewe si mkubwa. Ni wa rangi ya kahawia na kichwa chake kina umbo la nyundo. Askari mmoja wa darajani, ambaye alizaliwa mbali sana na hapa, alitwambia kwamba kwao pia abomoaye kiota hicho hupatwa na radi au ukoma. Kanisa latufundisha tusishike ushirikina, nasi twafundisha hivyo darasani. Hata hivyo tuliona kwamba mti ule ndio pekee uliobaki umesimama kando ya kijito kwa hatua mia, na hakuna aliyethubutu kuukata.

Miti ndiyo shida kubwa ya hondohondo. Sita walipita juu yetu, wakubwa, weusi na weupe, na mabawa yao yalivuma hata wanafunzi wawili waliinama. Habari za ndoa ya ndege huyu zastahili kusimuliwa katika kila jamaa. Jike likitaka kutaga huingia katika tundu la mti mkubwa wa kale. Dume humletea udongo, na jike huuziba mlango kutoka ndani, likaacha ufa mwembamba tu. Humo hukaa zaidi ya miezi mitatu, mayai na makinda, giza na joto. Na muda wote huo dume ndilo liletalo matunda, likiyapitisha ufani moja moja. Dume likiuawa, jamaa nzima ina hatari ya kufa njaa ndani ya mti. Lakini tundu la namna hiyo halipatikani katika mti wa miaka kumi. Miti mikubwa imekatwa kwa mbao, kwa makaa, au makala kama tusemavyo hapa, na kwa kufungua mashamba. Katika barua yake Laudato Si', ya mwaka 2015, marehemu Papa Fransisko aliutaja msitu wa bonde la Kongo pamoja na ule wa Amazonia kuwa mapafu ya dunia. Watu wa hapa wangemwambia kwamba mapafu hayo yanauzwa kwa gunia. Twajua wauzaji, ni jirani zetu, na wengi hawana kazi nyingine.

Yapata saa nne jambo lilitokea. Ng'ambo ya kijito, nyuma ya mistari ya kakao isiyopaliliwa, msitu ulikuwa na kelele tangu tulipofika: dudumizi, kwera, kulukulu, na wengine wengi. Ghafla ukanyamaza. Haukupunguza, ulinyamaza. Mzee aliinua mkono wake, na sote tukasimama kama tulivyokuwa, kalamu juu ya daftari. Askari wawili walikuwa tayari wamelala nyuma ya mifuko ya mchanga. Tuliwatazama watoto, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuna nini. Hilo ndilo lililotuuma zaidi ya yote tuliyoona siku ile: watoto wa miaka kumi na miwili, na wote saba wanajua maana ya ndege kunyamaza.

Hatujui tulisimama muda gani. Kisha juu ya vilele vya miti akatokea tai mwenye shungi, yule mkubwa awindaye nyani, akazunguka mara mbili polepole na kwenda zake upande wa Semuliki. Kulukulu mmoja akalia. Wengine wakaanza. Mzee akashusha mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo mwandikeni pia." Tukamwandika. Shamba lake liko ng'ambo ile. Kakao ile isiyopaliliwa ni yake. Alituambia kwamba mwaka ule aliouacha, ni ndege waliomwambia aondoke. Aliwasikia wakinyamaza jioni, wakati ambao si wa tai, akawaita wa nyumbani wakapita majini bila kuchukua hata sufuria. Jirani yake alirudi kuchukua mbuzi. Hakuendelea kusema, nasi hatukumwuliza.

Tulikaa kwanza kunywa uji tuliokuja nao. Msichana aliyeuliza habari za kitwitwi aliokota katikati ya mawe unyoya mmoja mwekundu, wa mkia wa kasuku. Tangu asubuhi tulikuwa tumeona kasuku wawili tu, wakipita juu sana na kupiga miluzi. Mzee asema zamani walipita asubuhi na jioni kama watu wanaotoka sokoni. Waliisha kwa ulimbo na kwa vizimba. Mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini, na amri hiyo ikaanza kushika Januari 2017. Tusema nini? Ndege aliyekwisha kukamatwa hajui sheria, na msitu ni mkubwa.

Unyoya ule ulitupa nafasi ya kuwasimulia habari ya tausi wa Kongo, kwa kuwa nayo ilianza na unyoya. Mwaka 1913 Mmarekani mmoja, James Chapin, aliyekusanya ndege kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, alikuwa Avakubi, kwenye mto Ituri. Aliona kofia ya mtu mmoja imepambwa kwa manyoya, na unyoya mmoja hakuweza kuutambua. Akauchukua, akautunza. Miaka 23 ikapita! Mwaka 1936 alikuwa katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, akaona ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa juu ya kabati na kusahauliwa, wameandikiwa kuwa tausi wachanga wa kufugwa. Akautambua unyoya wake. Mwaka uliofuata alirudi Kongo kuwatafuta walio hai, akawapata. Vitabu husema kwamba Chapin alimgundua tausi wa Kongo. Alikuwa mtu wa bidii na uvumilivu, hatumpunguzii heshima. Lakini sisi tungependa kujua jina la yule mwenye kofia, na jina alilomwita ndege huyo kwa lugha yake siku alipouchomeka unyoya ule.

Ndiyo sababu, kabla ya kuondoka, tulifanya kazi moja zaidi. Tulikuwa tumeahidi kurudi kabla ya adhuhuri, na askari walikuwa wamekwisha kutukumbusha mara moja. Tuliwaketisha watoto penye kivuli cha daraja, tukafungua daftari. Safu ya kwanza ilikuwa idadi: mbayuwayu wageni 63, ingawa mwanafunzi mmoja bado ashikilia kwamba ni 70, wenye tumbo la manjano 11, vitwitwi 4, hondohondo 6, fundichuma 2, kasuku 2, tai 1. Safu ya pili ilikuwa jina la Kiswahili, na humo sisi walimu tulijaza tulichoweza. Safu ya tatu tuliiacha kwa mzee, ataje jina la kila ndege kwa Kimbuba, na mwanafunzi wa Kinande aongeze lile atumialo bibi yake nyumbani.

Mzee alitaja bila kusita, akiiga na sauti ya kila mmoja, hata askari wakasogea kusikiliza. Hondohondo ana majina mawili, la dume na la jike aliyefungiwa. Kwa ndege watatu alinyamaza, akajikuna kidevu. Majina hayo, alisema, aliyajua dada yake mkubwa, kwa maana wanawake ndio waliokaa mtoni wakifua na kuloweka mihogo. Dada huyo yuko Oicha pamoja na waliokimbia, mgonjwa kidogo, lakini akili timamu. Gari la parokia litakwenda huko Alhamisi kupeleka maharagwe. Msichana mwenye unyoya akapiga mistari mitatu mitupu katika safu ya tatu, akaandika pembeni kwa penseli: Alhamisi.